Jaketi jekundu na samaki wa Kasenga



Jambo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi lilianza kwa kicheko. Kila Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, sisi vijana watano wa parokia moja ya Lubumbashi tulikuwa na desturi ya kubaki chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi, tukatoa simu zetu na kucheza pamoja mchezo mmoja wa vita. Jina la mchezo huo hatutalitaja, kwa kuwa kosa tutakalolisimulia ni letu. Mchezo wenyewe hupakuliwa bila malipo. Kinacholipiwa ni mapambo: kofia, viatu, mabawa, majaketi, rangi ya parashuti, na ngoma ambayo mtu huicheza juu ya adui aliyemshinda. Asiyelipa huingia vitani na fulana ya kijivu na suruali ya kijivu, kama mfungwa aliyefunguliwa asubuhi ileile.

Alikuwapo kati yetu mdogo wetu mmoja, mwenye umri wa miaka 14, ambaye hakuwahi kununua chochote. Alikuwa mchezaji hodari kutupita sisi sote. Mara nyingi yeye ndiye aliyebaki hai wakati sisi wenye mabawa tumekwisha kufa na kukaa kumtazama. Hata hivyo tulimpa jina la Adamu, kwa sababu, tulisema, anatembea uchi bustanini. Ulikuwa utani wa watoto waliosoma katekisimu, nasi tuliuona mtamu mno. Mwishowe hata sauti ya pili ya kwaya, ambayo haijui lolote juu ya michezo hiyo, ilianza kumwita Adamu. Yeye alikuwa akitabasamu. Tulihesabu tabasamu lile kuwa kibali.

Mwezi wa tano, siku ya Jumatatu, mama yake alikuja kututafuta. Mama huyu anauza samaki wakavu katika soko la Kenya (tunasema komini yetu ya Kenya, si nchi), na samaki wake hutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, kwa lori. Fedha ya kulipia mzigo alikuwa akiiweka katika simu, kwa maana soko lina wezi na nyumba haina kufuli la kutumainika. Kwa sababu macho yake yamedhoofu, mwanawe ndiye aliyemsomea ujumbe wa simu na kumbonyezea namba ya siri. Siku ile lori lilipofika, katika simu hamkuwa na kitu. Dola 38 zilikuwa zimetumwa, mara tano kwa siku tatu, kwa kijana mmoja wa mjini mwenye kadi ya benki, ambaye huwanunulia wengine sarafu za mchezo na kujiwekea faida yake.

Alhamisi iliyotangulia tulikuwa tumemwona mdogo wetu akiingia uwanjani na jaketi jekundu lenye joka la dhahabu mgongoni. Tulipiga kelele za furaha. Tulimbeba juu. Hakuna aliyeuliza.

Mama hakufoka. Alikaa kwenye benchi la ukumbi, akaweka mfuko wake juu ya magoti, akasema: «Wanangu, sikuja kudai. Nimekuja nione hicho alichonunua ni kitu gani.» Tulimjibu kwamba simu imezimika. Haikuwa imezimika. Ilikuwa mfukoni mwa mmoja wetu, ikiwa na nusu ya chaji yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya pili, tulifanya mkutano. Tulitaka kujua kama tuna hatia, na kama tunayo, ni ya namna gani. Tukajikuta tumeingia katika ubishi ambao watu wa nchi nyingine wamekuwa wakibishana kwa muda wa miaka karibu 20. Mwenzetu mmoja, fundi wa kutengeneza simu, ambaye husoma sana habari za michezo, alitueleza chanzo chake. Mwezi wa nne mwaka 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani iliwauzia wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50. Deraya ile ilimpendeza farasi, wala haikumfaa mpanda farasi kwa jambo lolote la maana. Watu walicheka, wakakasirika, na mpaka leo deraya ya farasi ni kejeli katika vinywa vya wachezaji wa zamani. Lakini ilinunuliwa. Mwaka 2009 kampuni ya Valve iliingiza kofia katika Team Fortress 2. Mwaka 2010 ikafungua duka ndani ya mchezo. Mwaka 2011 ikautoa mchezo wote bure. Kisha, mwezi wa tisa mwaka 2017, ukaja uwanja wa vita wa Fortnite, wa bure tangu siku ya kwanza, ambamo fedha hainunui nguvu yoyote, ila mavazi na ngoma na vitu vya namna hiyo. Kampuni ya Epic Games ilipofika mahakamani na Apple mwaka 2021, hati zilizofunuliwa zilionyesha kwamba Fortnite iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka miwili tu, 2018 na 2019. Tulipoisikia hesabu hiyo, mmoja wetu alisema polepole: kwa kofia? Kwa kofia.

Fundi wetu hakutoa habari hizo ili kuilaumu biashara hiyo. Alitaka kuitetea, na hoja zake zilikuwa na uzito. Tunaziandika hapa kama alivyozisema, maana si haki kumshinda mtu kwa kumfanya mjinga. Alisema: tazameni mchezo unaouza nguvu. Humo mwana wa tajiri hununua upanga, na mwana wa maskini hupigwa kila siku mpaka achoke au aibe. Mwaka 2017 kampuni ya Electronic Arts ilitayarisha Star Wars Battlefront II, mchezo wa kulipia bei kamili, ambamo tena viliwekwa visanduku vya bahati vyenye kadi za kuongeza nguvu. Hasira ya wachezaji ilikuwa kali hata kampuni ikasimamisha mauzo hayo kabla tu ya siku ya kuutoa mchezo, tarehe 17 Novemba. Yaliporudi mwaka 2018, yalirudi kwa mavazi peke yake. Kwa hiyo, alisema, pambo ndilo mkataba wa amani. Anayependa kujipamba analipa. Anayelipa analisha wachoraji, watunzi wa muziki na walinzi wa mitambo. Na sisi wa Katuba na Ruashi, tusiokuwa na dola 60 za kununua mchezo mmoja, tunacheza bure na mtoto wa Brussels kwa masharti yaleyale. Mdogo wetu, katika nguo yake ya kijivu, alikuwa akiwashinda watu waliolipa. Ni kitu gani kingine duniani, aliuliza, ambacho maskini hukipata sawasawa na tajiri namna hiyo?

Hatukuwa na jibu la haraka. Tunakiri kwamba mpaka leo sehemu ya hoja hiyo haijajibiwa. Tungeweza kumkumbusha kwamba mpaka kati ya pambo na nguvu haulindwi vema kila mahali. Katika Free Fire, mchezo wa kampuni ya Garena ya Singapore, mapambo ya bunduki nyingi huja na nyongeza ndogo ya nguvu au ya kasi. (Fedha ya Free Fire inaitwa almasi. Watu wa Mbuji-Mayi, ambao wamechimba almasi za kweli tangu zamani za Wabelgiji, wangeshangaa kuona vijana wa Kongo wakizinunua kwa dola kutoka Singapore.) Lakini hilo ni jambo la pembeni, kwa sababu mchezo wetu ulikuwa wa haki katika jambo hilo. Jaketi la joka halikumwongezea mdogo wetu hata hatua moja ya mbio.

Ndipo tulipomwomba atueleze dola 38 zilikwendaje. Alieleza kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini. Jaketi halikuwa na bei. Lilikuwa ndani ya kisanduku, na kisanduku kilikuwa na bei. Alipofungua vya kwanza alipata viatu. Alipofungua vingine alipata parashuti ya kijani, kisha kofia aliyokuwa amekwisha kuipata, kisha tena viatu. Kila mara kioo kiling'aa, rangi zikazunguka, joka likapita polepole mbele ya macho yake likasimama hatua moja mbele ya mahali lilipotakiwa kusimama. Na juu ya kioo palikuwa na saa inayorudi nyuma: siku mbili na saa kumi na moja, siku moja na saa tisa. Hakununua sarafu kwa kiasi alichokihitaji, kwa sababu kiasi hicho hakiuzwi. Huuzwa fungu dogo lisilotosha au fungu kubwa lenye mabaki, na mabaki hayatoshi kitu, ila ukiongeza kidogo. Akaongeza kidogo. «Yaya,» alimwambia fundi, «nilikuwa nikifikiri kwamba nikiacha sasa, zile za kwanza nitakuwa nimezitupa.»

Wapenzi, maneno hayo tuliwahi kuyasikia. Ni maneno ya baba zetu wadogo wanaobashiri matokeo ya mipira katika vibanda vya kamari.

Nchi iliyoliona jambo hilo mapema ni ile ambayo historia yetu inaifahamu vema. Mwezi wa nne mwaka 2018, tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kamari ilichunguza michezo minne, ikaamua kwamba visanduku vya kulipia katika mitatu kati yake, yaani Overwatch, FIFA 18 na Counter-Strike: Global Offensive, ni kamari isiyo na kibali. Tunaomba mwangalie hasa Overwatch. Visanduku vyake havikuwa na nguvu yoyote ndani. Vilikuwa na mavazi, sauti na michoro ya ukutani. Lilikuwa pambo tupu, lakini tume haikuuliza kama kilichomo ni pambo au ni upanga. Iliuliza kama mtu analipa, kama anabahatisha, na kama anaweza kupata au kukosa. Huko Marekani nako, mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi mbili za tume ya serikali ya biashara: milioni 275 kwa habari za faragha ya watoto, na milioni 245 za kuwarudishia watu waliobonyezeshwa manunuzi wasiyoyakusudia, pamoja na wazazi ambao watoto wao walinunua bila ruhusa. Katika Fortnite kilichouzwa hakikuwa nguvu. Kumbe swali si kama kitu ni pambo tu. Neno hilo «tu» lilikuwa limetufumba macho.

Hata hivyo, ndugu, tujihadhari tusiwe wepesi wa kudharau mapambo, sisi Wakongo kuliko watu wote. Nani kati yetu hajasikia habari za Sape? Vijana wa Kinshasa na Brazzaville walioweza kukosa chakula ili wavae koti la Paris. Marehemu Papa Wemba aliyewaimbia na kuwaongoza, mpaka alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Wazee wetu wengi waliwaita wapumbavu. Lakini wakumbuke pia kwamba katika miaka ile Serikali ya Mobutu ilikuwa imeikataza suti na tai, ikawavika watu abakosti, na kwamba kuvaa koti la kigeni kulikuwa namna ya kusema: mwili huu ni wangu. Tai ilirudishiwa uhuru wake tarehe 24 Aprili 1990, siku ileile Mobutu alipotangaza vyama vingi. Na kwa sadfa, siku na mwezi vilevile ambavyo Papa Wemba angekufa miaka 26 baadaye. Mtawala haoni haja ya kukataza kitu kisicho na maana. Vazi halikimbii, halipigi, halilimi, na bado linasema.

Wala tusiende Kinshasa. Katika parokia yetu, kila mwaka, kwa sikukuu ya somo wa kanisa letu, huchaguliwa kikwembe. Kina picha ya mtakatifu, tarehe na mapambo ya pembeni. Hatujawahi kumlazimisha mtu. Tangazo husema wazi kwamba ni kwa anayeweza. Kikwembe hakimwongezei mtu neema, na komunyo ni ileile. Lakini siku ya sikukuu wenye kikwembe hupangwa mbele kwa ajili ya maandamano na picha, na mama asiyekuwa nacho hukaa nyuma karibu na mlango, au huja Misa ya kwanza, gizani bado, ili asionekane. Tulipokuwa tukisema hayo katika mkutano, mmoja wetu, binti wa sauti ya kwanza, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mama yake alifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, na kwamba yeye binti alidhani mama anapenda tu kuamka mapema.

Hapo mkutano ulibadilika. Tulikuwa tumekuja kuuhukumu mchezo wa simu.

Ziko tofauti, hatuzikani. Kikwembe, sikukuu ikiisha, hubeba mtoto mgongoni, hufunika unga, hufunga mzigo wa sokoni, na mwisho huwa kitambaa cha kufutia meza. Fundi cherehani wa mtaani amepata riziki kwa kukishona. Jaketi la joka haliwezi kuondoka ndani ya simu. Halifunikwi na mtu usiku, haliuzwi njaa ikizidi. Na katika masharti ya michezo mingi, yale marefu ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma, imeandikwa kwamba mchezaji hanunui vazi, bali anapewa ruhusa ya kulitumia, na ruhusa ina mwenyewe. Siku kampuni itakapozima mitambo yake, joka litazimika nayo. Pengine mtu atasema kwamba wimbo nao ukiisha haushikiki, na tiketi ya mpira haivaliwi, na bado tunazilipia, ni kweli. Na jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe haijamfundisha yeyote kati yetu kupiga mpira. Mtu mzima anayefanya kazi, anayejua anacholipa na anayeweza kuacha, sisi hatumhukumu. Fundi wetu mpaka leo hununua vazi moja kila msimu kwa fedha ya kazi yake, kwa bei iliyoandikwa wazi, wala hagusi visanduku. Tumebishana naye, tukachoka, tumebaki rafiki.

Lakini mdogo wetu hakulipa ili apendeze. Alilipa ili tunyamaze. Huko Marekani na Uingereza, watoto wa shule waliokuwa wakicheza Fortnite walipata neno la kumwita mwenzao asiyelipa: walimwita «default», yaani yule aliye kama kiwanda kilivyomtoa. Kampuni haikuwatungia neno hilo. Haikuhitaji. Ilitengeneza fulana ya kijivu, na watoto wenyewe wakaifanya kuwa aibu. Kazi ya kuuza ilikwisha kuwa mikononi mwa marafiki, nao waliifanya bila mshahara. Nasi chini ya mwembe wetu tulikuwa wauzaji wa namna hiyo, hodari kuliko tangazo lolote. Tangazo huonekana na mtu hulifunga. Sisi tulikuwa tunamfahamu kwa jina, na tukamnyang'anya jina hilo.

Tulikuwa tumemwita Adamu bila kukumbuka habari yote ya Adamu. Katika kitabu cha Mwanzo, mtu yule na mkewe walikuwa uchi wala hawakuona haya. Walipojificha, Mungu hakuanza kwa kuwauliza juu ya majani waliyojishonea. Alitaka kujua nani amemjulisha Adamu uchi wake. Binti wa sauti ya kwanza ndiye aliyetukumbusha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua macho.

Yaliyofuata ni ya kawaida, tutayapitia upesi. Mama alikuwa amelikosa lori lile. Alichukua mzigo mdogo kwa mkopo kwa mwenzake wa sokoni, kwa riba, na binti yake wa sekondari alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya ada. Tuliamua kulipa, si mdogo wetu peke yake. Fundi alitoa dola 15. Wawili walibeba magunia ya makala Jumamosi nne. Fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kikwembe cha kwaya tuliiongeza humo, na mwaka huu kwaya iliimba sikukuu ikiwa imevaa shati jeupe na chochote cheupe ambacho kila mtu alikuwa nacho nyumbani. Wengine katika parokia walinung'unika kwamba tuliaibisha sikukuu. Baba Paroko hakusema kitu juu ya hilo, ila tuliona kwamba safu za mbele zilikuwa na watu ambao hatukuzoea kuwaona pale.

Kijana wa mjini mwenye kadi alikataa kurudisha hata faida yake. Alisema yeye alipeleka tu alichoombwa, na kwa kweli hatukujua tumwambie nini.

Palikuwa na pendekezo la kupiga marufuku michezo ya simu katika uwanja wa parokia. Lilishindwa kwa kura chache. Waliolipinga walisema kwamba vijana watakwenda kuchezea barabarani, ambako hakuna mkubwa wa kuwaona. Waliolitaka walisema kwamba hata hapa palikuwa na wakubwa, nao ndio waliocheka. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na ubishi huo bado unaendelea. Tumekubaliana juu ya mambo mawili madogo tu. Hakuna anayeitwa kwa nguo yake, wala katika simu wala nje ya simu. Na mtu akija na vazi jipya, tunamwuliza limetoka wapi kabla ya kumbeba juu.

Mdogo wetu alikaa mbali na mwembe kwa muda wa miezi miwili. Jumamosi alikwenda sokoni kumpangia mama yake samaki, na namba ya siri ya simu ilikwisha kubadilishwa; sasa ni dada yake anayeibonyeza. Aliporudi kwetu, hakuna aliyemwalika kwa maneno. Alikaa tu, tukasogea. Aliingia mchezoni na fulana ya kijivu. Mmoja wetu alimwuliza kwa nini halivai jaketi, maana fedha yake imekwisha kulipwa. Alisema halimpendi. Hatukujua kama amekosea kusema au amesema alichotaka.

Siku tulipompelekea mama sehemu ya mwisho ya deni, tulimkuta sokoni jioni, akiwa anafunga meza. Alizihesabu noti, akaziweka kifuani. Kisha akasema kwamba bado hajaonyeshwa. Tulitazamana. Mwanawe alichukua simu, akaufungua mchezo, akatafuta katika kabati la mavazi, akampa. Mama aliisogeza simu karibu na macho yake. Alimwangalia yule askari mdogo amesimama na jaketi jekundu, anapumua, anageuza shingo, kama mtu aliye hai anayesubiri kuambiwa jambo.

«Na mgongoni kuna nini?» aliuliza.

Mwanawe alimfundisha kugeuza kwa kidole. Joka la dhahabu likaonekana, magamba yake yakimetameta, mkia ukishuka mpaka kiunoni. Mama alilitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

«Limeshonwa vizuri,» alisema. Akamrudishia simu, akaendelea kupanga samaki waliobaki ndani ya kapu.